Meza Iliyokatwa Miguu

Meza ilitoka Malindi kwa lori,
ikavuka Mokowe imefungwa magunia,
ikapanda vichochoro vya Mkomani juu ya vichwa vinne
vya vijana waliodai soda kabla ya kudai malipo.
Mvule mtupu. Miguu kama ya kifaru.
Nimeilipia miezi saba
kwa pesa za hina na za mikate ya mofa.

Ikafika dakani, ikakwama.

Daka letu, kwa asiyelijua,
lina mabaraza mawili ya mawe, kisha mlango,
kisha ukuta usoni,
kisha unakata kushoto ghafla
kama mtu aliyebadili nia.
Ndivyo walivyojenga: jicho la mpita njia
liishie kwenye chokaa, lisifike kwenye chungu.

Tukaigeuza ubavu.
Tukaisimamisha wima kama mgonjwa anayekataa kitanda.
Mbwarahaji seremala akaipima kwa shubiri,
akapima kona,
akaupima na uso wangu.
"Ama ukuta, ama miguu."

Ukuta aliupaka bibi yake bibi.
Nikasema: miguu.

Msumeno ulilia mpaka adhuhuri.
Mama mkwe, Bi Mwanaeshe, alikaa barazani
akitia uzi kofia ya mtu wa Siyu,
hakuinua macho,
lakini nilimwona akiichekea sindano.

Haya, ndani sasa.
Zidaka zetu ni kumi na tisa.
Nilizihesabu usiku wa kwanza nilipoletwa hapa bibi harusi,
sikuwa na la kufanya kwa haya,
na zote tupu,
kama kinywa cha mzee anayecheka.
Zamani zilibeba sahani za Kichina, za buluu.
Zikaondoka moja moja.
Ya samaki wawili ikawa karo ya Lali, kidato cha pili.
Yenye ufa ikawa nauli ya hospitali, Mombasa,
na mgonjwa hakurudi.
Bi Mwanaeshe huzitaja mpaka leo
kama majirani waliohama bila kuaga.

Mwenye duka la vitu vya kale kanishauri:
"Weka za kuiga. Mgeni hajui tofauti."
Mgeni hajui.
Lakini anayekula hapa kila siku ni mimi.

Basi kwenye kidaka cha samaki wawili
nimeweka cheti cha Lali, kimekunjika pembe.
Kwenye cha ufa, miwani ya marehemu, imebaki kioo kimoja.
Katikati, birika la bati la mamangu,
waridi lake limebanduka likabaki shina.
Chini kabisa mwanangu Fumo kaweka tairi la gari la plastiki,
katika mji usio na magari.
Sikumuuliza.

Na ile miguu minne?
Nimeisimamisha dakani, miwili huku, miwili kule,
kila mmoja na kopo la rihani kichwani.
Iliyokataa kuingia
ndiyo inayopokea wageni.

Ijumaa tukala.
Meza imefika magotini, mkeka umeizunguka,
samaki wa kupaka katikati, ndimu zikibiringika
kwa sababu Mbwarahaji hakukata sawasawa
na kipande cha boksi chini ya pembe moja hakitoshi.
Lali akasema, "Si tungenunua sinia tu?"
Nikampa kichwa cha samaki anyamaze.

Bi Mwanaeshe alikuwa ameacha kula.
Macho yake yalipanda ukutani, kidaka kwa kidaka,
yakatua kwenye miwani, yakakaa,
yakapanda tena mpaka juu kabisa, penye giza.

"Pale hukuweka kitu."
"Sijapata cha kuweka, mama."

Akalamba ukwaju kidoleni.
"Pawache. Pale hapakuwa na sahani hata zamani.
Tukiwambia wageni imevunjika."